Bomu, Saa na Mateso: Historia ya Hoja Iliyokuzwa na Riwaya

Iko hoja moja ambayo kila aliyezoea riwaya na sinema za kusisimua anaijua, ingawa hajapata kufungua kitabu cha falsafa wala cha sheria. Bomu limetegwa mahali fulani mjini, saa inakwenda, mtu anayejua lilipo amekamatwa, naye amefumba kinywa. Je, si halali kumtesa ili maelfu waokoke? Hoja hii husemwa kana kwamba ni kongwe kama binadamu, na kwamba kila taifa limepata kukutana nayo na kuijibu. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba umri wake ni mdogo. Kwamba, ijapokuwa Jeremy Bentham aliikaribia katika maandishi aliyoyaacha bila kuchapishwa, umbo lake tulijualo leo lilienezwa na riwaya moja ya Kifaransa ya mwaka 1960. Na kwamba tangu hapo imetoka riwayani ikaingia kambini, darasani na mahakamani, na aghalabu imepokewa kana kwamba ni habari ya jambo lililotokea.

Sitajifanya kwamba naitazama kwa mbali. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Dar es Salaam. Kishindo cha ubalozi wa Marekani kilitikisa madirisha ya darasa letu, na mwalimu akasema ni mtungi wa gesi, kisha akaendelea na somo. Watu 11 walikufa hapa, na 213 Nairobi. Miaka kama kumi baadaye, nilipokuwa nikisoma ng'ambo, tulikuwa tukikusanyika jioni katika ukumbi wa bweni kutazama tamthilia ya Kimarekani iitwayo 24. Shujaa wake, Jack Bauer, alipomkaba mtu koo ili aseme, nilijikuta nimekunja ngumi, nikitamani amvunje kidole. Nilikuwa nikiwakumbuka wale wa Nairobi. Ilinichukua siku kadhaa kujiuliza ni nani aliyenihakikishia kwamba yule aliyekabwa alijua neno lolote.

Jibu, kwa mtu wa lugha, lingali limo katika viambishi. Hoja ya bomu, ikisemwa kwa Kiswahili kilichonyoka, haina budi kusemwa kwa -nge-. Kama bomu lingekuwapo, na kama mtu huyu angekuwa analijua, na kama angesema kweli kwa kuteswa, nasi tungewahi kufika, basi watu wangeokoka. Kila -nge- hapo ni mlango ambao huenda tukaukuta umefungwa. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliiweka -nge- upande wa mambo yanayodhaniwa, na wanafunzi wetu bado hufundishwa hivyo, ingawa katika mazungumzo ya kila siku mpaka kati yake na -ngali- umekwisha kufifia. Lakini mtungaji wa kisa cha kusisimua hawezi kusimulia kwa -nge-. Msomaji angemtupa kando. Hutumia -li- na -ka-: Alimkamata, akampiga, akasema, wakaenda, wakalitegua. Na -ka- ina tabia moja ya hila. Hueleza kufuatana kwa matendo bila ya kutamka kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili, huku sikio la msikilizaji likiliziba pengo hilo lenyewe. Akampiga, akasema. Hakuna aliyetuambia kwamba alisema kwa sababu ya kipigo, wala kwamba alichosema kilikuwa kweli. Nasi sote tumekwisha kuyasikia yote mawili.

Mji ambamo dhana hii ilipata mwili ni Algiers. Vita vya uhuru vya Algeria vilikuwa vimeanza tarehe 1 Novemba 1954. Tarehe 10 Agosti 1956 walowezi wenye siasa kali walilipua nyumba katika mtaa wa Thèbes, ndani ya Kasbah. Na tarehe 30 Septemba wanawake wa chama cha ukombozi, FLN, wakaacha mabomu katika mikahawa miwili ya Wazungu, Milk Bar na Cafétéria. Mabomu, basi, yalikuwa ya kweli, na waliokufa walikuwa watu waliokwenda kunywa kinywaji. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, maana wako wanaopinga mateso kwa kujifanya hapakuwa na bomu. Tarehe 7 Januari 1957 serikali ya Ufaransa ilimkabidhi Jenerali Jacques Massu na Divisheni yake ya Kumi ya askari wa miavuli mamlaka yote ya polisi mjini. Miezi iliyofuata ikawa ya kukamata watu usiku, kuwapeleka katika majumba ya pembezoni, na kuwatesa kwa maji na kwa umeme wa dinamo ya simu za jeshi. Dinamo hiyo askari waliipa jina la utani, gégène, kama mtu anavyomwita paka wake.

Majina ni sehemu ya historia hii. Henri Alleg, mhariri wa gazeti la Alger Républicain, alikamatwa mwezi Juni 1957, akateswa, akaandika kisa chake kwa siri gerezani. Kitabu hicho kilitolewa Paris mapema mwaka 1958, na baada ya wiki chache serikali ikakikamata. Alikiita La Question. Kwa Mfaransa wa kawaida maana yake ni "swali" tu. Lakini katika sheria za zamani za Ufaransa neno hilohilo lilikuwa jina rasmi la mateso ya mahakamani, yaliyofutwa kwa sehemu mwaka 1780 na kwa sehemu mwaka 1788. Neno lililodhaniwa kuwa limezikwa likafufuka likiwa na maana zake zote mbili. Sisi tunayo maneno mawili yaliyo mbalimbali, kuhoji na kutesa, na nadhani tumebahatika. Aliye na neno moja kwa kazi mbili hurahisishiwa kuifanya ya pili akiitaja ya kwanza.

Sasa tuje kwenye riwaya. Jean Lartéguy alikuwa askari kabla ya kuwa mwandishi wa habari za vita. Mwaka 1960 alitoa Les Centurions, kisa cha maafisa wa Kifaransa waliotekwa Dien Bien Phu mwaka 1954, wakakaa katika kambi za Viet Minh, wakajifunza humo kwamba vita vya siku hizi ni vya akili za watu kuliko vya ardhi, kisha wakapelekwa Algeria. Ni kitabu kilichoandikwa vizuri, wala sikubaliani na wale wanaokidharau bila kukisoma. Sehemu ya kambini ina huzuni ya kweli. Lakini karibu na mwisho wake kapteni mmoja, Esclavier, anamtia mkononi daktari wa meno anayejua mahali mabomu yalipotegwa, nayo yatalipuka kesho yake asubuhi. Esclavier si mtu katili. Yeye mwenyewe alipata kuteswa na Wajerumani. Anasita, anaumia moyo, kisha anafanya. Asubuhi daktari anachukuliwa kwa machela akiwa amesema yote, na hakuna bomu hata moja lililolipuka. Kitabu kilipata tuzo, kikauzwa kwa mamia ya maelfu. Mtaalamu Darius Rejali, aliyeandika mwaka 2007 historia kubwa ya mateso katika nchi za kidemokrasia, anakitaja kuwa ndicho kilichoipa hoja ya bomu umbo lake la sasa.

Ajabu moja ya kalenda: mwaka huohuo wa 1960 ndio uliotoka Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla, na ndani yake Bwana Msa na kiko chake. Sisemi kwamba vitabu hivyo vilijuana. Nasema tu kwamba hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na mtu anayetazama, anayeuliza na anayengoja, na msomaji wake hakupata kulalamika kwamba Bwana Msa hampigi mtu. Saa inayokimbia ilikuja kwetu baadaye, na Willy Gamba wa A. E. Musiba, aliyeingia uwanjani mwaka 1974 katika Kufa na Kupona.

Turudi Algiers, maana ulikuwapo mkasa wa kweli uliokaribiana na ule wa riwayani, nao hausimuliwi nusu ya mara usimuliwazo wa Esclavier. Tarehe 14 Novemba 1956 Fernand Iveton, mfanyakazi wa kiwanda cha gesi, mtu wa asili ya Kizungu na mwanachama wa chama cha kikomunisti, alikamatwa baada ya kuficha bomu kiwandani humo. Bomu lake lilipatikana kabla ya kulipuka. Ila polisi walikuwa na sababu ya kuamini kwamba lipo la pili, na kwamba muda wake u karibu. Mkuu wa polisi alimwendea Paul Teitgen, katibu mkuu wa polisi katika ofisi ya mkoa, akitaka ruhusa ya kumtesa Iveton ili aseme. Teitgen alikuwa amepata kuwa mfungwa wa Wajerumani, akateswa na Gestapo, akapelekwa Dachau. Alikataa. Miaka mingi baadaye alimsimulia mwanahistoria Mwingereza Alistair Horne kwamba alitetemeka alasiri nzima, akingoja mlio. Mlio haukuja. Maelezo aliyoyatoa kuhusu uamuzi wake hayakuhusu Iveton hasa: aliona kwamba akianza mara moja hatakuwa na mahali pa kusimama.

Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Esclavier wa riwayani aliteswa na Wajerumani, na kumbukumbu hiyo mwandishi anaitumia kutuhakikishia usafi wa moyo wake anapotesa. Teitgen wa kweli aliteswa na Wajerumani, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomzuia. Sijui kama Lartéguy alimfikiria Teitgen alipokuwa akiandika. Lakini riwaya ilikigeuza kisa kama mtu ageuzavyo nguo nje ndani, na iliyovaliwa na dunia ni ile iliyogeuzwa.

Kisa cha Iveton kina upande mwingine, mchungu zaidi, na uaminifu wanilazimu kuusema. Iveton mwenyewe alieleza kwamba aliteswa kwa umeme na kwa maji katika kituo cha polisi, marufuku ya Teitgen ikiwapo au isiwepo. Yaani hata pale ambapo aliye juu alikataa, mikono iliyo chini ilikuwa imekwisha kuzoea kazi. Iveton, ambaye bomu lake halikumwua mtu, alikatwa kichwa tarehe 11 Februari 1957. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Machi, Teitgen aliandika barua ya kujiuzulu akisema kwamba ameona katika miili ya mahabusi alama zilezile alizozipata yeye mikononi mwa Gestapo. Akaombwa abaki, akaondoka mwezi Septemba. Alikuwa amehesabu watu 3,024 waliochukuliwa na jeshi wasionekane tena. Wanahistoria wamebishana juu ya hesabu hiyo. Mmoja wa waliopotea, Maurice Audin, mwalimu wa hisabati katika chuo kikuu, ilimchukua Rais wa Ufaransa mpaka Septemba 2018 kukiri kwamba alikufa mikononi mwa askari.

Jenerali Massu aliyatetea mateso katika kitabu cha mwaka 1971, akijisifu kwamba aliijaribu dinamo mwilini mwake mwenyewe, kana kwamba mtu anayeweza kusema "basi, inatosha" anapata umeme uleule. Mwaka 2000, akiwa mzee wa miaka 92, aliliambia gazeti la Le Monde kwamba mateso hayakuwa ya lazima na kwamba mambo yangeweza kufanywa vingine. Miaka 29 kati ya kauli mbili za mtu mmoja. Na katika miaka hiyo riwaya ilikuwa haiwezi tena kurudishwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataniuliza mbona nimevuka jangwa kutafuta mfano, na Kenya iko mlangoni. Kweli, na mfano wa Kenya wasaidia kuonyesha jambo ambalo riwaya ya bomu hulificha, yaani kwamba mateso hayakai ndani ya mipaka ya bomu. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kilichotafutwa katika kambi za mahabusi hakikuwa bomu wala saa, kilikuwa kiapo. Mtu alitakiwa akiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau. Kukiri, katika Kiswahili, ni tendo la mtu mwenyewe: hukiri aliye na neno moyoni. Anayelazimishwa hakiri, hukirishwa, na kile kiambishi cha kutendesha kinaonyesha ni nani mtendaji wa kweli. Kambini kukirishwa kukaandikwa daftarini kuwa kukiri. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring akitofautisha nguvu ya kushurutisha, ambayo aliiona inaruhusiwa, na nguvu ya kuadhibu, ambayo hairuhusiwi. Na akashauri kwamba ikiwa watatenda dhambi basi watende kimyakimya. Nimeisoma tofauti hiyo mara nyingi kwa jicho la mtu wa semantiki. Fimbo ni ileile, mgongo ni uleule. Kilichobadilika ni kitenzi cha aliyeishika. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusi 11 walipigwa mpaka wakafa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9.

Sasa tuifuate hoja yenyewe ilipovuka bahari kwenda Marekani. Ilikwenda kwa njia mbili, na moja yao ilikuwa ya heshima kabisa. Mwaka 1973 mwanafalsafa Michael Walzer aliandika makala mashuhuri juu ya mikono michafu ya watawala. Mfano alioutoa ni wa kiongozi wa siasa anayefika katika mji mkuu wa koloni lililo vitani, akaombwa aruhusu kuteswa kwa kiongozi wa waasi anayejua mabomu yamefichwa katika majumba gani, nayo yatalipuka katika muda wa saa ishirini na nne. Yeyote aliyesoma Lartéguy anautambua mji huo. Walzer hakuandika kutetea mateso; alitaka kiongozi wake aone hatia hata akitenda alilodhani ni lazima. Lakini mifano haichukuliwi pamoja na tahadhari za wenyewe. Njia ya pili ilikuwa ya kijeshi. Kanali Roger Trinquier alitoa mwaka 1961 kitabu cha vita vya kisasa kilichotafsiriwa kwa Kiingereza miaka mitatu baadaye, na Paul Aussaresses, aliyekuwa mkono wa siri wa Massu mjini Algiers, alikwenda kufundisha Fort Bragg. Les Centurions yenyewe ilifanywa sinema mwaka 1966, na ilipochapishwa tena kwa Kiingereza mwaka 2015 sababu kubwa ilikuwa kwamba majenerali wa Kimarekani walikuwa wakikitafuta.

Tamthilia ya 24 ilianza kuonyeshwa tarehe 6 Novemba 2001, majuma manane baada ya mashambulio ya New York na Washington, ingawa ilikuwa imekwisha kutungwa kabla yake. Sehemu moja ni saa moja, msimu mmoja ni siku moja, na saa yenyewe huonekana kwenye kioo ikihesabu. Saa ishirini na nne za Walzer zimekuwa umbo la mchezo mzima. Katika misimu mitano ya kwanza jumuiya moja ya wazazi ilihesabu matukio ya mateso 67. Kwa fundi wa simulizi haya ni maajabu: -nge- imefutwa kabisa. Mtazamaji amekwisha kuliona bomu. Amekwisha kumwona mtuhumiwa akilitega. Yuko mahali pa Mungu, akijua yote, na kutoka huko anaulizwa kama Bauer afanye au asifanye. Afisa wa kweli hana kiti hicho. Ana mtu aliyefungwa, jina ambalo huenda si lake, na uvumi.

Kwamba mchezo ulipokewa kama ushahidi, hilo ni jambo la kumbukumbu. Mwezi Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alikwenda California pamoja na wahojaji wazoefu kuwasihi watungaji wa 24 wapunguze, kwa kuwa wanafunzi wake wa sheria ya vita walikuwa wakimwuliza kwa nini wasifanye afanyavyo Bauer. Mwaka uliofuata Antonin Scalia, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, akiwa katika mkutano wa majaji Ottawa, aliuliza kama kuna baraza la mahakama litakalomtia hatiani Jack Bauer. Jaji msomi, mtu aliyejulikana kwa kushika herufi ya sheria, alimtaja mtu ambaye hakuzaliwa kuwa kesi ya kuigwa. Sicheki. Mimi nami nilikuwa nimekunja ngumi.

Atasema mtu: je, likitokea kweli? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba mateso hayafanyi kazi kamwe, maana mara nyingine mtu husema kweli. Frankfurt, mwaka 2002, makamu mkuu wa polisi Wolfgang Daschner aliamuru mwanafunzi wa sheria aliyekuwa amemteka nyara mtoto atishwe kwa maumivu makali ili aseme mtoto yuko wapi. Alisema mara moja, na alisema kweli. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mahakama ilimkuta Daschner na hatia mwaka 2004, ikampa adhabu nyepesi kabisa, na nadhani majaji hao walifanya kazi ngumu vizuri: waliita kosa kosa, wakamhurumia aliyelitenda. Mahakama Kuu ya Israel nayo, mwezi Septemba 1999, ilikataza njia za nguvu ambazo tume ya mwaka 1987 ilikuwa imeziruhusu kwa hoja ya bomu, ila ikaacha kipenyo kwa afisa kujitetea baadaye kwa dharura. Kipenyo hicho wengi wamepitia. Anayesema "mara moja tu" hana budi kueleza atampata wapi, siku hiyo moja, mtu anayejua kutesa. Kazi hiyo yahitaji mafunzo, vyumba, madaktari wa kupima mapigo ya moyo, na bajeti. Wanasaikolojia wawili waliobuni utaratibu wa shirika la ujasusi la Marekani baada ya mwaka 2001 kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Nao utaratibu wenyewe waliutoa katika mafunzo ya kuwazoeza askari wa Kimarekani kustahimili mateso ya Wachina katika vita vya Korea, mateso yaliyokusudiwa kumfanya mtu aungame uongo. Maafisa wa Lartéguy walijifunza kwa waliowateka. Hawa walijifunza kwa waliowateka wazee wao. Taarifa ya Baraza la Seneti ya Desemba 2014 ilizichunguza kesi 20 ambazo shirika lilijivunia kuwa mateso yaliokoa watu, na haikuona hata moja iliyosimama.

Nimeanza na tarehe 7 Agosti 1998, na huko napenda kuimalizia habari hii, kwa kuwa waliofanya kitendo hicho walikamatwa kwa nyakati mbili, wakahojiwa kwa namna mbili. Mohamed al-Owhali alishikwa Nairobi siku tano baada ya mlipuko, akiwa na majeraha mgongoni. Wapelelezi wa FBI walikaa naye mezani siku baada ya siku, wakamlisha, wakamwonyesha kidogo kidogo mahali hadithi yake isipokaa sawa, mpaka akasema yote: kazi yake, waliomtuma, na namba ya simu ya nyumba moja Yemen ambayo ilikuwa kama kituo cha posta cha kundi zima. Maelezo hayo yalisomwa mahakamani New York, na mwaka 2001 yeye na wenzake watatu wakahukumiwa.

Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwezi Julai 2004, wakati desturi imekwisha kubadilika. Aliwekwa katika vituo vya siri kwa miaka miwili, kisha Guantánamo. Aliposhtakiwa New York mwaka 2010, waendesha mashtaka walitaka kumleta Mtanzania ambaye, kwa maelezo yao, ndiye aliyemwuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan aliwauliza walimjuaje mtu huyo. Walimjua kwa kinywa cha Ghailani, alipokuwa mikononi mwa shirika la ujasusi. Jaji akamkataa shahidi. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280, pamoja na moja kwa kila aliyeuawa Nairobi na Dar es Salaam; Ghailani akakutwa na hatia katika shtaka moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali. Alifungwa maisha. Lakini kwa kila jina katika orodha ya waliokufa, pamoja na yale 11 ya hapa kwetu, karatasi ya hukumu inasema hana hatia.

Kulikuwa na Mzanzibari mwingine, mvuvi, aliyechukuliwa Mogadishu mwezi Machi 2003 na kupelekwa katika giza la kituo cha siri Afghanistan, ambako muziki ulipigwa kwa nguvu mchana na usiku na ambako alining'inizwa kwa mikono. Alikaa kizuizini miaka mitano. Mwaka 2008 walimwachia, wakampa karatasi inayosema kwamba imethibitika hana hatari yoyote kwa majeshi ya Marekani. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwashtaki wale wanasaikolojia wawili, na Agosti 2017, majuma machache kabla ya kesi kusikilizwa, pande zote zilipatana nje ya mahakama. Karatasi yake haitaji bomu lolote.